Wasomaji Wanauliza: Ramani Zipo, Mwamuzi Hayupo

Safu hii kwa kawaida hupokea maswali kuhusu mashamba, urithi na karo za shule. Tangu tulipochapisha habari za kusitishwa kwa mapigano Gaza, hata hivyo, barua zilizotufikia kutoka Nakuru, Kisumu na kaunti za magharibi zimekuwa karibu zote za jambo moja: je, Waisraeli na Wapalestina wanaweza kupatana, na wakipatana itakuwa kwa njia gani? Tumechagua chache, tumezifupisha pale zilipojirudia, na majina ya waandishi tumeyaacha kwa ombi la baadhi yao. Waliotuandikia matusi, wawe wa upande huu au wa upande ule, hatukuwajibu.

SWALI: Bw. Mhariri, mimi hufundisha historia katika shule ya upili karibu na Njoro. Wanafunzi wangu wa Kidato cha Tatu walifanya mdahalo kuhusu makubaliano ya Oslo. Nusu walisema ni Waisraeli walioyavunja, nusu wakasema ni Wapalestina, nami nikashindwa kuamua. Ni nani aliyeyaua?
Mwalimu, Njoro

JIBU: Mwalimu, mdahalo huo ungewafaa zaidi wanafunzi kama wangeanza kwa kusoma kilichoandikwa kabla ya kumtafuta mkosaji. Hati iliyotiwa saini katika bustani ya Ikulu ya Marekani tarehe 13 Septemba 1993, mbele ya Rais Bill Clinton, ilikuwa makubaliano ya kuanza safari tu. Siku chache kabla ya hapo Yasser Arafat, kiongozi wa Wapalestina, na Yitzhak Rabin, waziri mkuu wa Israeli, walikuwa wamebadilishana barua: PLO, yaani Shirika la Ukombozi wa Palestina, ilikubali haki ya dola ya Israeli kuwepo kwa amani na usalama, na Israeli ikaikubali PLO kuwa mwakilishi wa watu wa Palestina. Barua hizo hazikulingana kwa uzito, kwa kuwa upande mmoja ulitambua dola na upande wa pili ukatambua chama. Mambo mazito kuliko yote, yaani mipaka, Jerusalem, wakimbizi, usalama na makazi ya walowezi (Waisraeli waliohamia ardhi iliyotekwa mwaka 1967), yaliahirishwa hadi mazungumzo ya mwisho ambayo yalipaswa kukamilika ifikapo Mei 1999.

Katika miaka hiyo ya kungojea ndimo makubaliano yalimofia. Februari 1994 mlowezi wa Kiyahudi, Baruch Goldstein, aliingia katika Msikiti wa Ibrahimu mjini Hebron akawaua waumini 29 waliokuwa wakiswali. Aprili mwaka uo huo Hamas, kundi la Kiislamu la Wapalestina lenye silaha, ikaanza kulipua mabomu ya kujitoa mhanga ndani ya miji ya Israeli. Tarehe 4 Novemba 1995 Rabin alipigwa risasi mjini Tel Aviv na Yigal Amir, Myahudi aliyepinga kuachiliwa kwa ardhi. Mwanzoni mwa 1996 mabomu mengine yakaua makumi ya watu Jerusalem na Tel Aviv, na mwezi Mei Benjamin Netanyahu, aliyekuwa mpinzani wa Oslo, akamshinda Shimon Peres katika uchaguzi wa waziri mkuu kwa tofauti isiyofika asilimia moja ya kura. Muda huo wote ujenzi wa makazi ya walowezi haukusimama. Walowezi wa Ukingo wa Magharibi wa Mto Jordan, bila kuhesabu wa Jerusalem ya Mashariki, walikuwa kama 110,000 mwaka 1993. Kufikia mwaka 2000 walikuwa wanakaribia 200,000.

Makubaliano ya pili, ya Septemba 1995, yaliugawa Ukingo wa Magharibi mara tatu: Eneo A, ambako Mamlaka ya Palestina, serikali ya ndani ya Wapalestina iliyotokana na Oslo, inasimamia utawala na polisi, Eneo B, ambako inasimamia utawala ilhali usalama uko mikononi mwa Israeli, na Eneo C, ambalo ni kama asilimia 60 ya ardhi yote na ambako Israeli inasimamia kila kitu. Mgawanyo huo ulitakiwa kuwa wa muda, na hadi leo ungali pale pale. Msafiri anayekaribia Ramallah au Nablus hukuta kando ya barabara bango kubwa jekundu, lililoandikwa kwa Kiebrania, Kiarabu na Kiingereza, likimwonya raia wa Israeli kwamba sheria inamkataza kuingia na kwamba maisha yake yatakuwa hatarini. Naye mkulima wa Kipalestina ambaye shamba lake limeangukia Eneo C, akitaka kuchimba kisima cha kuhifadhi maji ya mvua, sharti aombe kibali kwa maafisa wa jeshi la Israeli, kibali ambacho ni nadra kutolewa, na akichimba bila kibali huenda tingatinga likaja kukifukia.

Sasa wape wanafunzi wako mkataba wa Misri na Israeli wa tarehe 26 Machi 1979, waulinganishe na wa Oslo. Nchi hizo mbili zilikuwa zimepigana vita vikubwa mara kadhaa tangu 1948. Mkataba ulitaja mpaka, ukataja muda wa Israeli kuondoka Sinai, na baadaye kikaundwa kikosi cha kimataifa cha kuangalia kwamba masharti ya kijeshi yanafuatwa, kikosi ambacho kiko Sinai mpaka sasa. Anwar Sadat, rais wa Misri aliyeutia saini, aliuawa Oktoba 1981 lakini mkataba haukuzikwa naye. Aprili 1982 Israeli ilimaliza kuondoka, baada ya wanajeshi wake kuwatoa kwa nguvu raia wake wenyewe waliojifungia katika makazi ya Yamit. Ulibaki ubishi kuhusu Taba, kipande kidogo cha ufuo chenye hoteli ya kitalii kwenye Ghuba ya Aqaba. Pande zote mbili zilipeleka shauri mbele ya jopo la wasuluhishi wa kimataifa, jopo likaipa Misri haki mwaka 1988, na mwaka uliofuata Israeli ikakabidhi ufuo pamoja na hoteli. Jambo ambalo lingeweza kuwasha vita likaishia kuwa kesi ya mawakili.

Oslo haikuwa na ramani ya mwisho, wala haikuwa na mwamuzi. Kila ubishi ulirudi kwa wenye ubishi wenyewe, na aliyekuwa na nguvu zaidi uwanjani ndiye aliyeamua. Kwa maoni yangu, basi, waliotega mabomu na waliofyatua risasi wana damu mikononi, na serikali zilizoendelea kujenga makazi kwenye ardhi iliyokuwa ikijadiliwa nazo zina lawama. Lakini walioandika makubaliano ndio waliowaachia wote hao miaka mitano ya kufanyia kazi yao. Wanafunzi wako wa pande zote mbili wanastahili maksi.

SWALI: Je, ni kweli kwamba Wayahudi walikaribia kupewa Uasin Gishu? Babu alikuwa akisema hivyo, sisi tukidhani ni hadithi za pombe.
Msomaji, Turbo

JIBU: Babu yako alisema kweli. Mwaka 1903 Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni wa Uingereza, alimpa Theodor Herzl, kiongozi wa Wazayuni, yaani Wayahudi waliotafuta nchi yao wenyewe, wazo la kuwatafutia Wayahudi waliokuwa wakiuawa na kuteswa nchini Urusi makazi katika eneo lililokuwa chini ya Waingereza huku kwetu. Mpango huo ulijulikana kwa jina la Uganda, ingawa ardhi yenyewe ilikuwa nyanda za Uasin Gishu. Mkutano wa Wazayuni mjini Basel, Uswisi, uliligombania jambo hilo hadi baadhi ya wajumbe wakatoka nje. Wachunguzi walitumwa kuja kuiona nchi, na mwaka 1905 mkutano uliofuata ukaukataa mpango. Wenyeji wa Uasin Gishu hawakuulizwa neno. Mwaka 1917 Uingereza hiyo hiyo ilitoa tamko la Balfour la kuunga mkono makao ya kitaifa ya Wayahudi katika Palestina, ambako wakati huo wakazi wengi walikuwa Waarabu, na huko pia hawakuulizwa.

SWALI: Mimi naona hizi habari za mataifa mawili zimepitwa na wakati. Afrika Kusini walikuwa na chuki kuliko hao, na mwaka 1994 wakapiga kura moja, mtu mmoja kura moja, mambo yakaisha. Kwa nini wao wasifanye hivyo?
Kijana wa Kondele, Kisumu

JIBU: Ndugu yangu, wazo lako lina watetezi wengi, Wapalestina na hata Waisraeli wachache, na haki ya kila mtu kupiga kura mahali anapotawaliwa haihitaji kutetewa na mimi. Kati ya Mto Jordan na Bahari ya Mediterania wanaishi Wayahudi kama milioni saba na Waarabu wa Palestina idadi inayokaribia hiyo, na mamilioni ya hao Waarabu hawana kura katika serikali inayoamua kama barabara yao itafungwa kesho asubuhi. Wapalestina walio raia wa Israeli, ambao ni kama moja kwa tano ya raia wake wote, wana kura. Ndugu zao wa Hebron hawana.

Hata hivyo mfano wa Afrika Kusini unakwama mahali fulani. Huko, weusi na weupe waligombania nchi moja ambayo wote waliiita nchi yao, na uchumi wa weupe haukuweza kusimama bila kazi ya weusi. Waisraeli na Wapalestina, kwa sehemu kubwa, kila mmoja anadai bendera yake, jeshi au polisi wake, na lugha yake ofisini. Wayahudi wengi wanaamini kwamba bila dola yenye Wayahudi wengi watarudi kuwa wachache wanaotegemea huruma ya wengine, na baada ya mauaji ya halaiki barani Ulaya hofu hiyo si ya kuchezea. Wapalestina nao wamengoja dola tangu Umoja wa Mataifa ulipopitisha azimio la kuigawa nchi tarehe 29 Novemba 1947, azimio ambalo Waarabu walilikataa kwa kuwa liliwapa Wayahudi, waliokuwa theluthi moja ya wakazi, zaidi ya nusu ya ardhi. Ukiwaweka watu hao katika bunge moja kabla hawajakubaliana kuhusu lolote, naogopa watagombania nani anayemiliki jeshi la polisi tangu kikao cha kwanza.

Kuhusu mataifa mawili kupitwa na wakati, sikubaliani nawe kabisa, ijapokuwa naelewa kwa nini unasema hivyo. Walowezi wa Ukingo wa Magharibi sasa wamepita 500,000, na wengine zaidi ya 200,000 wako Jerusalem ya Mashariki. Agosti 2025 Israeli iliidhinisha ujenzi wa maelfu ya nyumba katika eneo liitwalo E1, kati ya Jerusalem na makazi ya Ma'ale Adumim, na ukilitazama eneo hilo kwenye ramani utaona jinsi linavyotenganisha Ramallah ya kaskazini na Bethlehem ya kusini. Lakini walowezi wengi wako katika makazi yaliyo karibu na mpaka wa kabla ya vita vya Juni 1967, na ndiyo sababu kila pendekezo zito tangu mwaka 2000 limezungumzia kubadilishana ardhi: Israeli ibaki na baadhi ya makazi hayo, Palestina ipewe ardhi mahali pengine. Ramani za namna hiyo zipo kadhaa. Clinton alitoa vigezo vyake Desemba 2000. Wajumbe walikutana Taba Januari 2001 wakakaribiana. Mwaka 2003 Mwisraeli Yossi Beilin na Mpalestina Yasser Abed Rabbo, wakiongoza watu wasio na mamlaka ya kiserikali, waliandika mkataba mzima wa mfano unaoitwa wa Geneva.

Ya kusikitisha zaidi ni ile ya Septemba 2008. Waziri Mkuu wa Israeli Ehud Olmert alimwonyesha Mahmoud Abbas, rais wa Mamlaka ya Palestina, ramani ya pendekezo lake lakini hakumpa nakala mpaka akubali kwanza. Abbas aliporudi kwa watu wake aliichora kwa mkono kwenye karatasi, kutokana na kumbukumbu. Mchoro huo umekwisha kuchapishwa: unafanana na kitu mtu alichochora akiwa kwenye simu. Olmert wakati huo alikuwa akichunguzwa kwa ufisadi na siku chache baadaye aliwasilisha barua ya kujiuzulu. Desemba vita vikazuka Gaza. Uchaguzi ukamrudisha Netanyahu. Abbas hakusema ndiyo wala hapana. Mimi humlaumu kwa kutosema ndiyo, kisha nikajiuliza kama kuna kiongozi yeyote angetia saini ramani ambayo hakuruhusiwa kuondoka nayo, mbele ya mtu anayefungasha vitu ofisini.

Iko njia ya tatu ambayo haisikiki sana huku kwetu. Tangu mwaka 2012 Waisraeli na Wapalestina wa kundi liitwalo Nchi kwa Wote wamekuwa wakipendekeza dola mbili huru zilizoungana kama shirikisho: kila mtu apige kura katika dola yake, lakini mipaka iwe wazi, Jerusalem isikatwe vipande, na raia wa dola moja aweze kuishi katika dola ya pili akitii sheria zake. Mlowezi angeweza kubaki kama mkazi bila jeshi la kumlinda, na mkimbizi angeweza kurudi kuishi karibu na kijiji cha babu yake bila kubadilisha hesabu ya kura za Israeli. Ni wazo gumu kulitekeleza, ila linashughulika na watu mahali walipo.

SWALI: Kwako Mhariri. Mimi ni mama wa wajukuu, nilifukuzwa Molo mwaka 2008, nyumba ikachomwa. Nilipewa shilingi 10,000 za kuanzia maisha, baadaye nikapata kwingine kwa kuishi, namshukuru Mungu. Lakini shamba langu ninalipita nikiwa kwenye matatu, analima mwingine. Nikisikia kwamba Wapalestina wanataka kurudi makwao baada ya miaka zaidi ya 70, moyo wangu unawaelewa. Je, watarudi?
Mama, Elburgon

JIBU: Mama, shikamoo, na pole kwa yaliyokupata. Wengi wao hawatarudi kwenye nyumba zile zile, na sidhani ni haki kwako nikufiche hilo.

Katika vita vya 1948 Wapalestina kama 700,000 walikimbia au walifukuzwa, na vijiji vyao mamia vikabomolewa. Desemba mwaka huo Umoja wa Mataifa ulipitisha Azimio 194, likisema kwamba wakimbizi wanaotaka kurudi na kuishi kwa amani na majirani zao waruhusiwe, na wasiotaka walipwe fidia. Israeli haijalitekeleza. Leo waliosajiliwa na UNRWA, shirika la Umoja wa Mataifa linalowahudumia, pamoja na watoto na wajukuu wao, ni karibu milioni sita, wakiwa Jordan, Lebanon, Syria, Ukingo wa Magharibi na Gaza. Wakazi wengi wa Gaza yenyewe ni wa koo zilizotoka mahali pengine mwaka ule, kwa hiyo waliofukuzwa na mabomu tangu 2023 wengi wao ni wakimbizi waliokimbia tena. Na ili hesabu isiwe ya upande mmoja, Wayahudi kama 800,000 waliondoka Iraq, Yemen, Misri, Morocco na nchi nyingine za Kiarabu na Kiislamu katika miongo iliyofuata, wengine kwa hiari na wengi kwa kuogopa, na mali zao nyingi zilibaki huko.

Vigezo vya Clinton vilimpa mkimbizi njia tano: kurudi katika dola mpya ya Palestina, kuhamia ardhi ambayo Israeli ingetoa katika kubadilishana, kubaki na uraia mahali alipo, kuhamia nchi ya tatu itakayompokea, au kuingia Israeli kwa idadi ambayo Israeli yenyewe ingekubali, na fidia juu yake. Mpango wa Amani wa Kiarabu, uliopitishwa Beirut Machi 2002, ulizungumzia suluhu ya haki itakayokubaliwa na pande zote, maana yake Israeli isingelazimishwa idadi. Huu ndio mwelekeo ambao karibu mazungumzo yote yamefuata, nami sioni mwingine utakaokubalika kwa Israeli.

Lakini barua yako ina jambo ambalo wanadiplomasia hulipita haraka. Huku kwetu, Kofi Annan na wenzake walipowapatanisha wakubwa Februari 2008, mambo ya ardhi na dhuluma za zamani yaliwekwa katika Ajenda ya Nne, ile ya kushughulikiwa baadaye, nawe unajua ilivyochelewa. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilitoa ripoti yake Mei 2013, na Machi 2015 rais aliomba msamaha bungeni kwa niaba ya serikali. Sijui kama msamaha huo ulikufikia mahali ulipo. Kwa Wapalestina hata maneno hayo hayajasemwa: hakuna serikali ya Israeli iliyosema waziwazi kwamba watu walifukuzwa na kwamba halikuwa jambo la haki. Wazee wengi kambini bado wana funguo za nyumba na hati za ardhi za wakati wa Waturuki na Waingereza, nao wanajua vizuri kwamba mlango wa ufunguo ule haupo tena. Naamini mkataba utakaowalipa fidia bila kukiri kilichotendeka hautawatuliza, na kukiri ni jambo ambalo halihamishi hata mlowezi mmoja wala kuongeza hata kura moja.

SWALI: Bwana asifiwe, Mhariri. Mungu alimpa Ibrahimu nchi hiyo katika Mwanzo 15:18. Sisi ni nani kupendekeza igawanywe?
Mchungaji, Kakamega

JIBU: Amina, Mchungaji. Safu hii haifasiri Maandiko, na wewe ndiye mwalimu wetu katika hayo. Nitataja mambo ambayo waumini wenyewe wameyasema na kuyatenda. Menachem Begin, waziri mkuu wa Israeli aliyeirudisha Sinai, hakuna Myahudi aliyemshinda kwa kuipenda nchi ya mababu. Rabi Ovadia Yosef, aliyekuwa rabi mkuu wa Wasefaradi wa Israeli, alitoa hukumu ya kidini kwamba inaruhusiwa kuachia ardhi ikiwa kufanya hivyo kutaokoa maisha. Tena katika Mwanzo 13, sura mbili kabla ya hiyo uliyoitaja, Ibrahimu mwenyewe alimwachia Lutu achague upande anaoutaka ili wachungaji wao wasigombane.

Ningeomba pia kanisa lako likumbuke kwamba katika Wapalestina wamo Wakristo, wa Bethlehem, Beit Jala, Beit Sahour na wachache wa Gaza, ambako Kanisa la Mtakatifu Porphyrius lilipigwa Oktoba 2023 watu waliojihifadhi humo wakafa.

SWALI: Mpango wa Rais Trump wa 2025 ni amani au ni mapumziko tu?
Mwanafunzi, Maseno

JIBU: Kilichosimamishwa Oktoba 2025 kilikuwa kikubwa, na anayekidharau hajafikiria kilichotangulia. Tarehe 7 Oktoba 2023 wapiganaji wa Hamas na wenzao waliua watu wapatao 1,200 nchini Israeli na kuwateka 251. Vita vilivyofuata, kwa hesabu ya Wizara ya Afya ya Gaza, vilikuwa vimeua watu zaidi ya 67,000 kufikia siku ya kusitishwa kwake, na miji mizima ikawa kifusi. Mateka 20 waliokuwa hai waliachiliwa tarehe 13 Oktoba, siku ambayo viongozi walikutana Sharm el-Sheikh, wafungwa wa Kipalestina karibu 2,000 wakatoka, na tarehe 17 Novemba Baraza la Usalama likapitisha Azimio 2803 la kuunga mkono mpango huo, pamoja na Bodi ya Amani, chombo cha kusimamia Gaza kwa muda, na kikosi cha kimataifa cha kuingia Gaza.

Ukiupima kwa kipimo nilichompa mwalimu wa Njoro, utaona kwamba safari hii kuna mtu wa tatu uwanjani, yaani Marekani, jambo ambalo Oslo haikuwa nalo. Ila mtu huyo wa tatu ni rafiki wa upande mmoja, na mwamuzi wa namna hiyo hufaa tu pale anapokuwa tayari kumkemea rafiki yake. Ramani nayo haipo: azimio linasema masharti yakitimia huenda njia ya kuelekea dola ya Palestina ikafunguka, na kuhusu Ukingo wa Magharibi, ambako ujenzi wa E1 umeidhinishwa, mpango huo haugusi makazi ya walowezi. Upande wa pili, Hamas inadaiwa silaha zake. Ireland Kaskazini ilitia saini mkataba wake Aprili 1998, lakini IRA, kundi la wapiganaji waliopinga utawala wa Uingereza, ilimaliza kuharibu silaha zake mwaka 2005, mbele ya tume huru iliyoongozwa na jenerali kutoka Kanada, wakati siasa zilikuwa zimekwisha kuwapa watu wake viti vya bunge na sababu ya kutozihitaji. Anayedai silaha zote zitolewe kwanza ndipo siasa zianze anadai mpangilio ambao huko haukufuatwa.

Unapofuatilia habari, usishughulike sana na hotuba. Angalia kama Mamlaka ya Palestina itafanya uchaguzi, kwani wa mwisho wa bunge ulikuwa Januari 2006 na Abbas alichaguliwa 2005. Angalia kama nchi zilizoitambua Palestina Septemba 2025, zikiwemo Uingereza, Ufaransa, Kanada na Australia, zitatoza gharama yoyote kwa ujenzi wa makazi mapya. Na angalia kama Saudi Arabia itashikilia msimamo wake kwamba haitaitambua Israeli bila njia ya kufikia dola ya Palestina, kwa sababu huko ndiko uzito mkubwa wa kisiasa uliobaki.

SWALI: Sisi wa Kanisa la Friends hapa Vihiga tumefanya kazi ya kupatanisha majirani tangu vurugu za uchaguzi. Je, huko kuna watu wa kawaida wanaofanya hivyo, au wote ni wanajeshi?
Mzee wa kanisa, Kaimosi

JIBU: Mzee wangu, wapo, na ndugu zenu wa imani wako huko tangu zamani: shule ya Friends ya Ramallah ilianzishwa katika karne ya 19, kabla ya misheni ya Kaimosi kufunguliwa mwaka 1902, na ingali inafundisha.

Mwaka 1995 Yitzhak Frankenthal, ambaye mwanawe Arik alitekwa na kuuawa na Hamas mwaka uliotangulia, alianzisha chama cha wazazi waliofiwa. Leo kina familia mia kadhaa za Waisraeli na Wapalestina, na kazi yao kubwa ni kwenda wawili wawili, Mwisraeli na Mpalestina, kuzungumza na wanafunzi na vikundi vya vijana kuhusu waliowapoteza. Kuna pia Wapiganaji kwa Amani, ambao ni waliokuwa askari wa Israeli na waliokuwa wapiganaji wa Kipalestina, walioungana mwaka 2006. Vivian Silver, aliyekuwa akiwasafirisha wagonjwa wa Gaza kwenda hospitali za Israeli, aliuawa nyumbani kwake Be'eri tarehe 7 Oktoba 2023; mwanawe ameendelea kudai amani hadharani.

Watu hawa hawawezi kuchora mpaka. Wanachoweza ni kuhakikisha kwamba siku kiongozi atakapotia saini, kuna raia wa kumuunga mkono. Rabin aliwahitaji na hawakutosha. Kazi hiyo huhitaji fedha za muda mrefu. Kwa Ireland Kaskazini, serikali za Uingereza na Ireland ziliunda mfuko wa kimataifa wa miradi ya kuwaunganisha wananchi mwaka 1986, miaka 12 kabla ya mkataba. Kwa Waisraeli na Wapalestina, Bunge la Marekani lilipitisha sheria Desemba 2020 ya kutenga dola milioni 250 kwa miaka mitano, kiasi ambacho ni kidogo sana kikilinganishwa na msaada wa kijeshi ambao Marekani huipa Israeli, wa dola bilioni 3.8 kila mwaka. Kama kanisa lenu linataka pa kuanzia, andikieni shule ya Ramallah kupitia makao yenu makuu, mkiwaeleza mlivyofanya vikao vya majirani baada ya 2008: nani alikaa na nani, ni lini mlianza kuzungumzia mashamba, na ni vikao vipi vilivyovunjika. Hivyo vilivyovunjika ndivyo watakavyotaka kuvisikia zaidi.